"Najua Kuogelea": Kisa cha Mwongozaji wa Moshi Kwenye Miamba ya Krabi

Aliulizwa maswali matatu kabla mashua haijaondoka ufukweni. Una jeraha lolote? Masikio yana shida? Unajua kuogelea? Yote matatu aliyajibu kwa ukweli kadiri alivyoujua. Saa chache baadaye alikuwa amelazwa chali kwenye mbao za mashua ile ile, akikohoa maji ya chumvi, sikio la kushoto limeziba na mapaja yanawaka kana kwamba yamemwagiwa uji wa moto.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake. Jina lake naliacha, kwa sababu Moshi ni mji mdogo na kazi ya mlima inaishi kwa sifa. Ana miaka 28, ni mzaliwa wa Kibosho, alianza mlima akiwa mpagazi na sasa ni mwongozaji msaidizi. Nimemfundisha huduma ya kwanza mara mbili, ndiyo maana ananiita mwalimu na ndiyo maana aliporudi kutoka Krabi, Thailand, alinitafuta mimi hata kabla ya kwenda nyumbani kwao. Tumekaa na jambo hili miezi mingi. Nimemchorea ule mwamba kwenye karatasi, nikamwambia aweke kidole pale alipokuwa; nimemuuliza swali moja mara tano, mpaka akachoka. Sitafuti wa kulaumiwa. Vijana wetu wengi wa Moshi na Arusha siku hizi wanaalikwa nje na wageni waliowapandisha mlima, tiketi inalipwa, viza inashughulikiwa, na mialiko hiyo inakuja na michezo ambayo hatukukua nayo. Nataka anayefuata aende akiwa anajua zaidi ya alichojua huyu.

Mchezo wenyewe

Unapanda mwamba unaoinamia bahari, bila kamba wala mkanda wa kiunoni. Una viatu vyembamba vya kupandia miamba na kifuko cha chaki ya kukausha vidole, basi. Ukishindwa, au ukifika juu, unaangukia majini. Kisiwani Mallorca, Hispania, wanauita psicobloc, na Miquel Riera na wenzake walianza kuufanya huko mwaka 1978. Uingereza unafanyika kwenye majabali ya pwani ya Dorset. Mwaka 2006 Mmarekani Chris Sharma alipanda tao la mwamba liitwalo Es Pontàs, lililosimama baharini nje kidogo ya Mallorca, na ilipita miaka kumi kabla mtu wa pili, Jernej Kruder wa Slovenia, hajalimaliza mwaka 2016.

Sharma aliangukia baharini mara nyingi sana kwenye tao lile kabla ya kulishinda. Nalitaja kwa sababu yule kijana alikuwa ameiona picha ya mtu ameng'ang'ania mwamba juu ya maji ya buluu, hakuona mianguko iliyotangulia. Katika kazi yake, mtu akianguka ni msiba. Katika mchezo huu kuanguka ndiyo njia ya kawaida ya kurudi chini, na anayejifunza kupanda kabla ya kujifunza kuanguka ameanza na nusu ya pili.

Kusini mwa Thailand, mkoa wa Krabi, mchezo huu unafanyika kwenye majabali ya mawe ya chokaa ya Railay, Tonsai na visiwa vya jirani kama Poda. Railay iko bara, lakini majabali yameizunguka kiasi kwamba unafika kwa mashua tu. Hilo tutalirudia, maana lina uzito mtu akiumia. Bahari ya Andaman ina joto zuri mwaka mzima, na kuanzia Novemba hadi Aprili mara nyingi imetulia. Miezi hiyo inamalizikia pale ambapo kwetu masika yameanza na kazi ya mlima imelala. Kwa kijana wa Moshi mwaliko wa mwanzoni mwa Aprili unakuja wakati mzuri kabisa.

Siku ya pili

Mwenyeji wake ni mwanamume wa makamo aliyepanda naye Kilimanjaro mwezi Januari kwa njia ya Machame. Kule Barranco, kwenye ule ukuta wa zaidi ya meta 200 ambao wageni hushika kwa mikono na miguu, alimwona kijana huyu akipita kando ya msafara kama anapanda ngazi za nyumbani kwao, mkono mmoja umebeba begi la mgeni. Lile jiwe ambalo wageni hulikumbatia kifua kwa kifua wasidondoke, yeye hulipita akizungumza. Mwenyeji ni mpanda miamba wa miaka mingi. Akasema moyoni, huyu nikimpeleka Krabi atafurahi. Alikuwa na nia njema na bado ana nia njema. Wanaandikiana mpaka leo.

Kwenye mashua walikuwa tisa. Mwenyeji akamtambulisha kwa wote: huyu ni mtu wa Kilimanjaro. Nataka msomaji aishike sentensi hiyo. Tangu ilipotamkwa, hakuna aliyemtazama tena kama mtu anayeanza.

Saa nne na nusu asubuhi, maji yakiwa yamejaa, walifika kwenye ukuta wa kwanza. Mwongozaji wa Krabi aliwaonyesha ufa mweupe kwenye mwamba, kama meta 6 juu ya maji, akasema wanaoanza wote wanaishia pale na kuruka. Unapelekwa kwa kayaki hadi chini ya mwamba, unashika ngazi ya kamba, unapanda. Yeye alipanda meta 4, akaruka, maji yakamwingia puani, akaogelea meta kama kumi hadi kwenye mashua. Alifika akihema kuliko umbali ule ulivyostahili. Lakini alikuwa anacheka, na wenzake wakacheka naye. Mgeni akifika kambini akihema namna ile huku anacheka, kijana huyu huyu angemkalisha na kumtazama.

Wakala matunda, wakazunguka kisiwa, wakarudi kwenye ukuta ule ule saa saba na nusu mchana. Safari hii alipanda kwa kasi. Alipofika kwenye ufa mweupe mwongozaji alipaza sauti: ruka! Mwenyeji wake, kutoka kwenye mashua, naye akapaza sauti: endelea, unaweza! Akaendelea. Kama meta 4 juu ya ufa mwamba ulizidi kuinama, mashimo ya kushika yakawa na unyevu, na misuli ya mikono ikajaa na kukaza mpaka vidole vikawa kama si vyake. Akatazama chini kutafuta njia aliyopandia, asiione, kwa sababu ilikuwa chini ya tumbo la mwamba. Mguu wa kulia ukaanza kutetemeka kama wa fundi cherehani. Alikaa hivyo dakika nne au tano.

"Nilikuwa nasali, mwalimu," aliniambia. "Nilisema, Mungu, nishushe kwa njia niliyopandia."

Mguu ukateleza. Hakuruka; alidondoka akiwa anaegemea nyuma, magoti yamekunjwa, kama mtu anayetafuta kiti. Akayapiga maji kwa mapaja, makalio na ubavu wa kushoto wa kichwa. Pumzi yote ikamtoka, na pumzi ya kwanza aliyojaribu kuvuta aliivutia chini ya maji.

Swali la tatu

Watu niliowasimulia hukimbilia kuzungumzia kamba. Kwa nini hakufungwa kamba? Wengine huuliza kwa nini hakuvaa jaketi la kuokolea maisha. Jaketi lile limetengenezwa kwa mtu aliyeko majini tayari. Ukianguka nalo kutoka juu, maji yanalisukuma kwenda kidevuni kwa nguvu, na shingo inalipia. Ndiyo maana katika mchezo huu mara nyingi halivaliwi, na badala yake mtu hukaa kwenye kayaki karibu. Mimi nadhani kisa hiki kilianzia mbali na vifaa. Kilianzia kwenye lile swali la tatu.

Kuogelea alijifunzia Chemka. Anayetoka huku anapafahamu: unaingilia Boma Ng'ombe, vumbi mpaka kooni, kisha ghafla lile dimbwi la buluu chini ya mikuyu, maji ya uvuguvugu, safi kiasi cha kuona chini, mizizi imeshuka mpaka ndani, na kamba ya kujirushia. Amekuwa akienda na wenzake tangu sekondari. Mtoto wa Chemka anajua kuchupa, anajua kushika pumzi, anajua kurusha mikono sita au saba hadi afike kwenye mzizi.

"Umewahi kukaa majini dakika tano bila kushika kitu chochote?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Kwa nini nisishike, mwalimu, na kitu kipo?"

Hilo ndilo jibu lenye elimu kuliko yote aliyonipa. Aliposema anajua kuogelea hakudanganya. Kiswahili chetu kina neno hilo moja, linalobeba mtoto anayepapatika hadi mzizini na mvuvi wa Pangani anayekaa nusu siku kwenye maji marefu. Aliyeuliza Krabi alimaanisha: ukianguka vibaya, ukiwa na hofu, umemeza maji, huoni mashua, unaweza kujigeuza chali na kuelea mpaka ukafikiwa? Aliyejibu alimaanisha: nikiingia majini, natoka. Maji ya bahari hukubeba vizuri kuliko maji yasiyo na chumvi, hilo ni kweli. Lakini mwili mkavu wa mpagazi, misuli na mifupa bila mafuta, hauelei kirahisi, na pumzi ikishatoka unazama upesi zaidi.

Na hapa ndipo kisa kinaponiuma. Huyu kijana anajua, kuliko watu wengi duniani, kwamba neno "ndiyo" la mtu si kipimo. Kila jioni kambini anapita hema kwa hema. Hamwulizi mgeni kama yuko poa akaishia hapo. Anamvisha oksimita kidoleni, kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu, na kusoma namba. Anauliza kichwa kikoje, usingizi ulikujaje, chakula kilikaa. Akitilia shaka anamwambia atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anafanya hivyo kwa kuwa mgeni aliyelipa maelfu ya dola na kuomba likizo ya wiki mbili hawezi kukubali kirahisi kwamba hayuko sawa. Ameshusha watu kutoka kambi ya Barafu usiku wa manane, wanalia, wanamwahidi bakshishi wakiachwa wajaribu tu kidogo.

Kwenye mashua ile yeye ndiye alikuwa mgeni. Alikuwa amelipiwa tiketi. Alikuwa ametambulishwa kwa jina la mlima. Angewezaje kuinua mkono na kusema, jamani, mimi kuogelea kwangu ni kwa dimbwini? Nilipomwambia hivyo, kwamba yeye mwenyewe asingempandisha mgeni Uhuru kwa jibu alilotoa yeye, aliinamisha kichwa akakishika kwa mikono miwili na hakusema kitu kwa muda.

Mwongozaji wa Krabi aliuliza swali, na wengine hawaulizi hata hilo. Lakini kipimo kilikuwa pale pale, bure: mwambie kila mtu aruke kutoka ukingo wa mashua, alale chali dakika chache, azunguke mashua mara mbili, arudi. Dakika kumi. Watu wawili au watatu wangejitambua wenyewe kabla ya kugusa mwamba.

Mwezi ule ule

Sababu ya pili niliigundua mimi nikiwa nyumbani, na nilipomwonyesha hakuamini.

Usiku wa kuamkia siku ile walikuwa wamepiga picha za mwezi mpevu ufukweni. Anazo kwenye simu. Kwa mtu wa mlima, mwezi mpevu ni neema. Wageni wengi hupanga tarehe zao kwa kuufuata, wapate mwanga wa kwenda kileleni usiku. Shangazi yangu aliyeolewa Tanga akiuona mwezi ule ule anasema: bamvua. Maji yatajaa sana na yatakupwa sana. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu bahari hupanda juu kuliko kawaida na kushuka chini kuliko kawaida. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanayosogea kidogo.

Nilitafuta jedwali la maji la Krabi la siku ile. Tofauti kati ya kujaa na kupwa ilikuwa karibu meta 2 na nusu. Sasa kuna hesabu ya mabaharia: gawanya tofauti hiyo mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya maji kujaa linaondoka fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kutoka saa nne na nusu hadi saa saba na nusu ni saa tatu, mafungu 6, nusu nzima. Bahari ilikuwa imeshuka zaidi ya meta moja walipokuwa wanakula matunda.

Ufa mweupe haukusogea. Uliokuwa meta 6 asubuhi ulikuwa meta 7 na kitu mchana. Yeye alikuwa meta 4 juu yake. Alama ilikuwa kwenye mwamba, wakati kimo cha mtu anayeangukia majini kinapimwa kutoka kwenye maji. Na kina cha maji chini yake nacho kilikuwa kimepungua kwa kiasi kile kile. Alibahatika kwamba pale palikuwa na kina kirefu. Aliponisimulia alikumbuka kwamba ngazi ya kamba, ambayo asubuhi aliishika akiwa amekaa kwenye kayaki, mchana ilibidi ainyanyukie. Dalili ilikuwa mbele ya macho yake na ya wote tisa.

Meta 4 na meta 11 zinasikika kama ndugu. Ukianguka kutoka meta 4 unayafikia maji kwa kasi ya takriban kilometa 32 kwa saa. Kutoka meta 11 ni kilometa 53. Barabara ya Moshi kwenda Arusha, penye kibao cha 50, kwa kasi hiyo trafiki wa tochi ana haki ya kukusimamisha; na wewe hapo uko ndani ya gari. Nguvu ya pigo inaongezeka kulingana na kimo, kwa hiyo alipigwa karibu mara tatu ya alivyopigwa asubuhi. Jukwaa refu la kupiga mbizi katika Olimpiki ni meta 10, na wanaolitumia wameanza kwenye la meta moja wakiwa watoto. Wanaoruka kwenye mashindano ya kimo kikubwa zaidi, meta 27 kwa wanaume na 20 kwa wanawake, wanaingia majini kwa miguu, na waokoaji wako tayari majini wanawasubiri.

Kuingia vizuri kuna umbo lake. Miguu chini, imebanwa, makalio yamekazwa, mwili wima kama nguzo, macho mbele kwenye upeo wa bahari na siyo chini, mikono inasaidia usawa njiani kisha inafungwa kifuani au ubavuni kabla ya kugusa maji, na pumzi inatolewa kwa pua. Ukiingia umekaa, mapaja na uti wa mgongo vinapokea kila kitu. Kutoka meta 11 una sekunde moja na nusu ya kujipanga, nayo haitoshi kujifunza kitu kipya. Inatosha kufanya kitu ambacho mwili umeshakizoea kutoka meta 1, 3 na 5.

Kileleni

Kuhusu ule ukuta wenyewe nitasema machache. Barranco miguu inakubeba na mikono inasaidia usawa. Mwamba unaoinama unakuning'iniza, na mikono ya mtu mwenye nguvu za kubeba kilo 20 siku nzima inaweza kuisha kwa dakika tatu kama haijazoezwa hivyo. Wapandaji wa huko wana kanuni wanayoirudia: usipande juu ya kimo ambacho uko tayari kuanguka kutoka hapo. Yeye kanuni hiyo aliisikia asubuhi. Lakini miaka tisa ya kazi imemfundisha kwamba siku inaisha juu. Nilimuuliza alikuwa anaelekea wapi alipopita ufa. Alinijibu kwa mshangao kwamba alikuwa anaelekea kileleni, tena akalitumia neno hilo hilo. Ukuta ule hauna kilele cha mtu anayeanza. Una ufa mweupe.

Na zile sauti mbili. Kwetu Barranco anayetoa amri ni mmoja. Wengine wote, hata mpishi mwenye miaka thelathini ya mlima, wananyamaza. Pale zilitoka sauti mbili zenye maneno yanayopingana, na mtu aliyeko ukutani atasikia ile anayoitamani. Mwenyeji wake analijua hilo sasa na limemwumiza.

Baada ya pigo

Kazi ya mwongozaji wa Krabi baada ya ajali ilikuwa safi, nami nataka kuisema kwa urefu wake kwa sababu ndiyo iliyomrudisha kijana huyu Kibosho akiwa anatembea.

Kayaki ilikuwa karibu. Alimfikia kwa nyuma, akampitisha mikono chini ya kwapa, akamgeuza uso juu ya maji, asimruhusu kumkumbatia. Kwenye mashua hakumkalisha. Alimlaza chali, akashika kichwa na shingo vikiwa vimenyooka, akamwuliza kama anahisi vidole vya miguu, akamwambia avisogeze. Akawa anahesabu pumzi zake kwa sauti. Baada ya dakika ishirini kikohozi kilipungua na kijana akaanza kusema amepona, turudi, watu wasiharibikiwe na siku. Mwongozaji alikataa. Mtu aliyevuta maji mapafuni anaweza kuonekana mzima, kisha pumzi ikamzidia saa kadhaa baadaye. Na mgongo uliopigwa hivyo hausemwi mzima mpaka upigwe picha. Mashua ikaelekea moja kwa moja Ao Nang, penye barabara, na kutoka hapo gari hadi hospitali mjini Krabi. Kama angekubali kurudishwa Railay kupumzika, na hali ikabadilika usiku, wangeanza kutafuta mashua gizani.

Eksrei ilionyesha pingili zote ni nzima. Ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa imetoboka. Mapaja yalivimba mpaka suruali ikakataa. Alilazwa usiku mmoja akiangaliwa mapafu. Bima yake ya safari haikugusa gharama hata kidogo, kwa kuwa kwenye masharti michezo ya hatari imeondolewa, na yeye masharti hakuyasoma. Alilipa mwenyeji, na deni hilo la heshima linamkaa kooni kuliko maji yale.

Mama yake hakuambiwa. Alijua mwenyewe, siku ya kwanza, alipomwita kutoka upande wa kushoto na mtoto hakugeuka.

"Mwanangu, hilo sikio umelipeleka wapi?"

Akamweleza yote. Mama alisikiliza hadi mwisho, akamwongezea mtori, kisha akamwambia: "Mlima umekulea, unakujua. Hiyo bahari mmejuana lini?"

Jumamosi

Tundu la ngoma ya sikio lilijifunga lenyewe ndani ya miezi miwili, kama daktari alivyotarajia. Mgongo ulimkosesha safari mbili za mwanzo wa msimu, mwezi Juni, na kwa mwongozaji msaidizi hiyo ni ada ya shule ya mdogo wake. Nilimwambia asiingie majini mpaka daktari wa masikio aseme. Aliposema, tulianza.

Mabwawa ya kuogelea mjini kwetu karibu yote ni ya hoteli, unalipa kuingia, na wengi wanaoingia wanakwenda kukaa pembeni. Tulikwenda Jumamosi asubuhi kabla watu hawajajaa. Wiki mbili za kwanza hatukuogelea. Tulilala chali tu. Alikuwa anazama kuanzia miguuni, anakaza shingo, anatafuta ukingo kwa mkono, mkono unaokumbuka mizizi ya Chemka. Nilimwambia ajaze kifua, aachie shingo, masikio yazame. Masikio yazame! Hapo ndipo palikuwa na vita, na ninamwelewa. Wiki ya tatu alielea dakika kumi, na alipotoka alikuwa anatabasamu bila kusema neno.

Kipimo nilichomwekea ni changu, sikukitoa popote. Kuelea dakika kumi bila kushika kitu. Kuogelea meta 200 mfululizo, polepole anavyotaka. Kuingia majini na suruali na fulana, kuzungushwa, kupoteza mwelekeo, kisha kujigeuza chali na kuita kwa sauti. Kuruka kutoka meta 1 mara ishirini kwa umbo lile lile kabla hata ya kuzungumzia meta 3. Aliyafikia yote mwezi wa Oktoba. Sasa wenzake wanne wanakuja naye, wawili ni wapagazi, na mmoja ametoka Arusha kwa basi la alfajiri.

Wiki iliyopita alikuja kwangu jioni, akaketi, akanisalimu shikamoo mara mbili kama mtu mwenye jambo. Mwenyeji wake amemwalika tena, mwezi Februari. Alikuwa na jedwali la maji la Krabi kwenye simu, siku za bamvua amezizungushia duara, amebakiza siku nne za maji mafu. Na alikuwa ameandika ujumbe kwa Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili ili nisikie ulivyo:

"Nitakuja. Siku ya kwanza nataka kuogelea tu, wewe na mwongozaji mkiniangalia, na mkiona sitoshi mniambie wazi. Kabla sijapanda nionyesheni maji yako wapi saa hiyo. Nitaishia meta 5. Na nikiwa ukutani, azungumze mtu mmoja, asiwe wewe."

Akaniuliza kama mwisho una ukali mno kwa mtu aliyemlipia hospitali. Nilimwambia autume kama ulivyo. Akautuma pale pale, akaiweka simu mezani kifudifudi, kisha akauliza kama Jumamosi bwawa litakuwa wazi, maana alisikia kuna harusi.